Tangi la Kioo Lililopanda Bombo

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa kama asubuhi nyingine, mke wangu Fortunata alikaa kibarazani akichambua maharage. Mimi nilikuwa nanoa panga. Aliniuliza kama mbuzi wamepewa majani. Nikasema wamepewa. Kisha nikaona anatupa maharage na kubakiza mawe.

"Mama Gideoni," nikamwambia, "leo tunakula mawe?"

Akacheka. Akatia mkono kwenye ungo, akapapasa. Akaacha kucheka.

Kesho yake tulishuka Same, hospitali. Daktari wa macho alitundika ubao wa alama zenye meno matatu, akamwambia aonyeshe kwa kidole meno yanaelekea wapi. Sisi wawili hatukusoma, lakini kazi ile haikuhitaji shule. Hata mimi niliyesimama mlangoni niliyaona. Fortunata alionyesha juu. Yalikuwa yanatazama chini.

Daktari akasema ni sukari. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia lina miezi, mwaka halifiki. Nikamwambia nimekuja na fedha ya ndama, wampasue. Akasema hakuna cha kupasua.

Tukatoka. Hakulia.

Fortunata hakuzaliwa Bombo. Alizaliwa upande wa Lembeni, na baba yake alikuwa mvuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Mimi ndiye niliyemtoa huko akiwa msichana, nikampandisha kwenye baridi na migomba. Miaka arobaini na sita. Alilima. Alizaa watano, akazika wawili. Watu walipogombania maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, aliitwa yeye kupanga zamu, maana hakuwa na ukoo pale wa kuupendelea. Kuomba kitu cha kwake mwenyewe, sikumbuki.

Tukielekea stendi tulipita nyumba ya wageni iliyokuwa inabomolewa. Nje walikuwa wamepanga vitanda, masinki, na tangi moja la kioo, refu kama mtu aliyelala. Fortunata akasimama. Akalisogelea mpaka pua ikagusa kioo.

"Hili la samaki," akasema.

Muuzaji alikuwa kijana anaitwa Chande. Alitupa shikamoo, tukaitikia. Akamwuliza Fortunata, "Bibi, unataka ukafugie vifaranga?"

"Perege."

"Perege ni wa kukaanga, bibi yangu."

"Wa kukaanga nimekula wa kutosha. Nataka wa kutazama, kabla jicho halijazima."

Chande akaacha mzaha. Akaniangalia. Nikatoa fedha ya ndama.

Hamidu, dereva wa Fuso la kubeba tangawizi, alikuwa anapanda na gari tupu. Akatandaza magunia, juu yake godoro kuukuu alilotupatia Chande, na juu ya godoro tangi. Fortunata alikataa kukaa mbele. Alikaa nyuma na mimi, amelikumbatia, mpaka Kisiwani, mpaka Maore, vumbi limemfanya mweupe. Kila shimo alipiga kelele.

"Hamidu, umebeba kioo, hukubeba tangawizi!"

"Bibi, barabara sikuitengeneza mimi!"

"Na breki je, nazo hukuzitengeneza?"

Mlimani, chini ya Bombo, mvua ilikuwa imekata barabara. Gari halikupita. Nikapiga simu nyumbani, pembe ya msaragambo, ya kuita watu kazi ya pamoja, ikalia, watu wakashuka na majembe wakidhani wanaitiwa mfereji. Walipoona kioo walinitania sana. Lakini walikata miti miwili, tukaifunga kamba, tukalaza tangi juu yake. Wanaume wanane tukaingia, tukalibeba mabegani. Jua lilikuwa linapiga kile kioo na kuwaumiza macho waliokuwa nyuma, basi nikalifunika kwa shuka nyeupe.

Hilo ndilo kosa nililofanya.

Kwetu, aliyefia hospitali Same anapandishwa kwa njia hiyohiyo, namna hiyohiyo. Gari mpaka linapogotea, kisha mabega. Na kila mtu alijua Fortunata kapelekwa hospitali. Sasa waliokuwa mashambani juu wakaona shuka nyeupe, wanaume wanane, na mimi mbele nimeinamisha kichwa. Nilikuwa natazama utelezi. Wazee wakavua kofia. Elinaza, jirani yetu, akaacha jembe, akajitupa katikati ya njia.

"Fortunata wetu! Umeniacha na nani!"

Fortunata alikuwa nyuma sana, anapanda polepole na fimbo. Akafika anahema.

"Elinaza, nani kafa?"

Elinaza akamtazama. "Wewe!"

"Basi nyamaza. Bado sijafika nyumbani."

Watu walicheka mpaka ikabidi tulitue tangi chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona jinsi itakavyokuwa.

Nyumbani tulilijaza maji, likavuja kwenye kona. Nikaliziba kama tunavyoziba ukuta wa ndiva, kwa udongo wa mfinyanzi. Maji yakawa tope na kona ikaendelea kuvuja. Siku nane zikapita kabla Hamidu hajaniletea gundi ya mafundi vioo. Kila asubuhi Fortunata alinyoosha mkono mbele ya uso wake akautazama. Mwanzo aliviona vidole. Siku ya nane alisema anaona mkono tu.

Kisha shemeji yangu Loth, ndugu yake Fortunata, akaja kutoka kwao Lembeni na perege watano ndani ya ndoo. Tukawatia. Baridi ya Bombo ikaua watatu kabla ya adhuhuri. Fortunata aliwashika wale waliokufa, mmoja mmoja, akawapapasa mapezi, akamrudishia Loth.

Nikawarudisha wawili waliobaki kwenye ndoo, nikawachanganyia maji ya moto kidogo. Nikaita majirani. Tukamwaga tangi, tukalihamishia jikoni, hatua tatu kutoka kwenye mafiga, tukalijaza upya. Loth alisema moshi utakifanya kioo cheusi. Nikamwambia nitakifuta. Nilikifuta kila siku, asubuhi na jioni.

Jicho lilizima kabla ya Pasaka. Yeye tulimzika mwezi wa nane. Barabara ilikuwa imetengenezwa, gari likafika mpaka mlangoni.

Watu wananiuliza kama ile fedha ya ndama haikupotea bure. Nitasema habari ya jioni ile tu, tuliyolihamishia tangi jikoni.

Majirani walikuwa wameondoka. Alikaa kwenye kigoda, uso umegusa kioo, moto ukiwaka upande wa pili. Perege mmoja akapita. Kichwa cha Fortunata kikamfuata. Perege akageuka, akapita tena, na kichwa kikarudi naye. Niliogopa kuuliza. Mwisho nikauliza kama anaona.

Ilikuwa saa ya kusonga ugali. Katika miaka yote ile nilikuwa sijawahi kushika mwiko.

Hakugeuka. Alisema hivi:

"Naona kitu kinapita. Baba Gideoni, leo songa wewe."