Kila Oktoba Elmina Alihama

"Pesa za kikundi zimegeuka mabati," Yunia alimwambia Nelvine kwenye kituo cha majani ya chai, wakingoja lori la kiwanda. "Hujaona paa jipya la Elmina? Hiyo ni bonasi ya kiwanda tuliyoweka miaka sita iliyopita, mama. Inang'aa juani!"

Nelvine alicheka. Mtoto alikuwa mgongoni, kikapu miguuni, na kicheko kilimtoka kabla hajafikiri. Alipogeuka, Elmina alikuwa nyuma yake kwenye foleni, gunia la majani kichwani.

Kutwa nzima Nelvine alikuwa akikisikia kicheko chake mwenyewe. Elmina huyu ndiye aliyempikia uji wiki mbili alipojifungua. Jioni akajaza chupa ya maziwa, akaenda kwa Elmina.

Alimkuta ametandaza karatasi mezani.

"Mama Weldon, asubuhi nilikosea. Nisamehe."

"Kaa, mama. Mabati amenunua mwanangu Weldon. Lakini pesa za kikundi... zipo, ila zimekonda."

Akaeleza bila kuinua macho. Wanawake kumi na wawili walimchagua awatafutie mfuko wa uwekezaji. Akaanza na meneja mmoja mpole wa Kericho, Oyaro, aliyewaambia waziwazi: wekeni miaka kumi, bei za hisa zitapanda na kushuka, msishtuke. Mwaka wa pili zikashuka.

"Nikafanya kama tunavyofanya na viwanda. Si unajua? Kiwanda cha jirani kikilipa bonasi kubwa, mtu anapeleka majani yake huko kwa namba ya shemeji aliyesajiliwa huko. Basi kila Oktoba namtafuta meneja aliyeongoza mwaka uliopita, nahamia kwake. Nikifika tu, na yeye anashuka. Kuingia nakatwa ada, kutoka nakatwa. Mara nne, Nelvine."

"Na yule Oyaro?"

Elmina akamsogezea karatasi. Nelvine alisoma polepole, kidole chini ya mstari, vile alivyozoea tangu shule ya msingi. Laki tatu zao, wangeziacha kwa Oyaro, zingekuwa zimepita laki tano. Sasa zilikuwa laki tatu na elfu nane.

"Wewe unaweza kung'oa chai kwa sababu umeipogoa na bado haijatoa majani?" Elmina aliuliza. "Hata mtoto hawezi. Mimi niling'oa mara nne, mkanipigia makofi."

Nelvine aliinama, akajifanya anamfunga mtoto leso. Mwaka juzi, alipoingia kikundi kwa nafasi ya mama mkwe, naye alipiga makofi. Hakuelewa kitu, na hakuuliza.

"Lakini Yunia anakuita mwizi! Kwa nini usimjibu?"

"Nimemwacha aseme." Elmina alipangusa meza iliyokuwa safi. "Niliona afadhali waseme nimeiba, kuliko wajue sikuelewa kazi waliyonipa."

Nje ng'ombe alilia, hakuna aliyetoka kumwangalia. Elmina alikusanya karatasi, akazipanga mwaka kwa mwaka, akaziweka mikononi mwa Nelvine.

"Kesho tunakutana kwa Yunia. Mimi nitasimama, lakini najua sauti itakatika. Nisomee wewe, mama. Na ukifika pale nilipohama mara ya nne, usipunguze sauti kwa kunihurumia. Soma mpaka Yunia asikie."