Bibi Harusi Katika Shamba la Vitunguu

Watu walimwita Fundi Plau, na jina hilo lilikuwa limelimeza lile alilopewa na wazazi wake, hata kadi yake ya zahanati iliandikwa hivyo hivyo. Miaka thelathini na minne alikuwa juu ya trekta moja, lililokuwa jekundu enzi zake, akiwalimia watu mashamba kando ya mfereji mkubwa. Mistari yake ilinyooka mpaka wenzake walikereka. Aliringa kwa hilo waziwazi, na mimi simlaumu. Mtu akiwa na kitu kimoja tu cha kuringia, mwacheni aringe.

Kasoro yake ilikuwa ubishi. Madereva wengine waliosha diski za plau kila walipotoka shamba moja kwenda jingine. Yeye aliwacheka. Alishikilia kwamba maji ndiyo yanayoleta kutu, na kwamba tope likikaukia juu ya chuma linakuwa koti lake. Ukijaribu kumweleza vingine alikuuliza wewe umelima miaka mingapi, na mazungumzo yakaishia hapo.

Shamba la dada yake alilima la mwisho kila msimu. Wasiomjua walidhani anampuuza, kumbe ilikuwa heshima. Wengine aliwalimia mbiombio kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, lakini dada alitengewa siku nzima, trekta liende taratibu, hata pembe za shamba zifikiwe. Dada huyo alimzidi miaka sita na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Sasa alikuwa mjane, akiishi peke yake katika vyumba viwili vilivyotazama shamba, na shamba lenyewe lilikuwa vipande viwili vya vitunguu, cha juu na cha chini, katikati kinjia cha kupita mtu mmoja. Alichokula, alichovaa na alichowatumia wajukuu kilitoka humo. Basi kila mwaka plau ilimfikia ikiwa imevaa makoti ya mashamba kumi na moja ya watu wengine.

Gugu lilianzia kwa mfuga ng'ombe, kule mwanzo wa mfereji, aliyekuwa amenunua majani makavu kutoka mbali. Lina majani ya kijani kilichochanganyika na majivu, na maua madogo meupe yanayojaa juu kama povu la sabuni. Ni ukoo mmoja na kabichi na haradali. Ukiponda jani utasikia harufu ile ile ya kabichi, ingawa ng'ombe hawalitaki hata kwa kubembelezwa. Wakulima, ambao midomo yao haina breki, walilibandika jina la bibi harusi, maana likichanua shamba zima linavaa shela. Wenye ndoa ngumu waliongeza kwamba likishaingia kwako halitoki.

Lilipotokea kipande cha juu cha dada, Fundi Plau alifanya alichokijua. Alilima kwa kina, akapitisha haro ya kuvunjia mabonge mara mbili, akarudi akakata kwa upande wa pili. Mwaka uliofuata gugu lilikuwa mara tatu. Akaona alilifanyia huruma, akalima tena na tena kama mtu anayelipa kisasi. Mwaka wa tatu vitunguu vya kipande kile havikujaza hata kikapu.

Ndipo bibi shamba mpya akaja, binti mwembamba mwenye mabuti makubwa kuliko miguu yake. Alichimba shimo kando ya shamba la mfuga ng'ombe mpaka akazama kiunoni, na mzizi ulikuwa bado unateremka. Halafu akaenda kwenye plau, akabandua bonge la tope lililokauka kwenye diski, akalivunja kiganjani. Ndani mlikuwa na kipande cha mzizi mweupe, urefu wa pingili ya kidole, na ubavuni kimetoa jicho changa.

"Mzee, hiki peke yake kinatosha kuharibu shamba," alimwambia. "Ukipitisha diski, mzizi mmoja unatoka vipande ishirini. Kila kipande kinaota."

Akaeleza, bila kumlaumu mtu, kwamba alikuwa akishangaa jinsi gugu lilivyohama shamba kwa shamba kwa zamu, kama lina miadi. Akazitaja zamu hizo. Fundi Plau hakuhitaji kuzisikia mpaka mwisho, kwa sababu ilikuwa foleni yake mwenyewe, na aliyefunga foleni alikuwa dada.

Bibi shamba hakumpaka mafuta. Kipande cha juu cha dada kilikuwa kimekwenda. Kingehitaji dawa miaka mingi bila kuguswa na jembe, na hata hivyo hakuahidi kitu. Cha chini, kwa bahati tu, kilikuwa bado safi. Kingeweza kumlisha mjane yule, alisema, mradi chuma chochote kisitoke juu kikavuka kinjia kuingia chini.

Jioni ile Fundi Plau alikwenda kwa dada amepiga moyo konde. Alikuta amemwekea kiti, amemmiminia chai, na anamsimulia jirani kwamba watu wana ndugu wengi lakini yeye anaye mmoja aliye kumi. Jirani akaaga. Fundi Plau aliona aibu kuyasema maneno yote aliyoyapanga njiani.

"Dada, msimu huu tusilime," ndilo lililotoka.

Dada akauliza kwa nini, na miche imeshakua kitaluni. Akajibu kwamba ardhi ipumzike kidogo, atamweleza vizuri. Alipokuwa akiinuka alijishika kiuno, kama afanyavyo mtu yeyote wa miaka sitini akitoka kwenye kiti cha chini. Dada aliutazama mkono ule.

Wateja wengine aliwaambia gia imekufa. Kwa dada alikwenda kila siku akiwa na nia ya kusema, na kila siku akarudi amezungumza habari za bei ya mbolea na kikohozi cha jirani. Alijiambia wiki ikiisha atasema. Wiki ikaisha.

Siku ya tisa, asubuhi, alilikuta shamba limelimwa. Dereva mmoja wa ng'ambo ya mfereji alikuwa ameanzia juu akamalizia chini kwa mkupuo mmoja, bila hata kuinua plau kwenye kinjia. Kinjia chenyewe hakikuwepo tena. Dada alisimama mlangoni anatabasamu, akingoja kusifiwa.

"Usikasirike, mdogo wangu," alisema. "Nimeona mgongo haukuachii na wewe ni mgumu kusema. Nikaona nikupunguzie."

Fundi Plau aliingia kipande cha chini. Vipande vyeupe vya mizizi vilikuwa vimetapakaa juu ya udongo mbichi, na vile vilivyoonekana ndivyo vichache. Alitembea mpaka mwisho akarudi.

"Dada, mgongo wangu ni mzima," alisema.

Kisha akamweleza yote, tangu tope la diski mpaka foleni, mpaka onyo la bibi shamba. Safari hii hakuficha hata moja, na halikusaidia hata moja. Dada alisikiliza ameshika mwimo wa mlango. Tabasamu lilimtoka taratibu.

"Ungeniambia tu," alisema. "Mimi ningekukasirikia nini?"

Akaingia ndani, akatoka na beseni la kufulia. Akavua kandambili, akakunja khanga, akaingia shambani kuokota kipande kimoja kimoja, akikifuta udongo kama aokotaye mchele. Fundi Plau alijua kwamba kwa kila kimoja alichokitia besenini kumi vilikuwa vimelala chini, na kwamba kabla ya mvua ya pili vingekuwa vimeamka. Naye akainama upande wa pili.

Walikwenda hivyo mpaka jua likawa kali. Dada akanyoosha mgongo, akalitazama shamba lote, halafu akamtazama yeye.

"Tutamaliza lini?"

"Jumamosi, dada," akamjibu.