Kuku wa Karamu na Meza ya Dirishani

Kwa miaka ishirini na sita Liao Chiu-hsiang alikaa kwenye meza ile ile ya dirishani, na hakuna siku aliyoamini kwamba kesho yake ataikuta.

Hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa mtu wa kuangalia. Bosi Lai akiingia karakanani na viatu vya kutokea, Hsiang aliona. Simu ya ofisini ikilia mara tatu bila kupokewa, aliisikia. Asubuhi akishafunga mlango wa nyumba yake pale Shengang hurudi kukagua jiko la gesi, akishafika kwenye pikipiki hurudi tena. Alisoma madarasa sita tu, akaingizwa kiwanda cha miavuli akiwa na miaka kumi na mitatu. Miavuli ikahamia ng'ambo. Akaenda kwenye viatu, navyo vikahama. Mumewe alikuwa amekufa mwaka wa saba sasa, na binti yao, Pei-ju, alikuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza masomo ya uuguzi huko Tainan. Kwa hiyo kila Hsiang alipoona kitu kipya, swali lake lilikuwa moja: na hiki nacho kitahama?

Karakana ya Lai ilitengeneza skrubu ndefu za chuma, zile zinazosukuma meza za mashine kubwa mbele na nyuma bila kutikisika. Watu kumi na wanne, mashine tano. Kazi ya Hsiang ilikuwa kupitisha kidole gumba juu ya kila skrubu, kutafuta uzi wa chuma uliobaki ukingoni, na kuipima. Zikijaa sanduku, alizifunga kwenye pikipiki na kuzipeleka mtaani: kwa mwenye tanuru zikaive ziwe ngumu, kwa msagaji zikang'ae, kwa mchovyaji zikavikwe rangi ya kuzuia kutu. Milango sita, yote ndani ya mwendo wa dakika kumi.

Mwezi wa kumi akaja mgeni. Aliitwa Harmsen, mtu wa Denmark, ametumwa na kampuni ya kwao inayounda mashine za kufungia dawa. Walitaka kununua sehemu ya karakana ya Lai na kuleta kazi yao yote huku. A-piao wa mashine ya kukereza, ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo, alimpachika jina siku ile ile: Pua Ndefu.

Bosi Lai alimzungusha mgeni karakana nzima akitokwa jasho shingoni. Binti yake Yu-han, aliyesoma nje, alikuwa mkalimani.

"Anauliza," Yu-han akasema, "huko kwingine ameona viwanda vikubwa mara kumi, na mishahara nusu ya hii. Wao wanachukua wiki saba. Sisi na mashine tano tunamaliza kwa siku tisa. Tunaficha nini?"

Lai akakuna kichwa. Jambo ambalo mtu amelizoea tangu utoto ni gumu kulieleza. "Dada Hsiang," akaita, "mpeleke."

Basi Hsiang akampakia nyuma ya pikipiki, magoti ya mzungu yakitokeza pande zote mbili kama mbawa za panzi, na sanduku katikati ya miguu ya Hsiang. Kwa mwenye tanuru, Mzee Chiang alikuwa anakula. "Zako ngapi?" akauliza bila kugeuka. "Arobaini, za leo." "Leo siwezi." "Mkeo magoti yake vipi? Ile dawa ya kuchua ilimsaidia?" Mzee akaweka vijiti chini. "Lete." Hakuna karatasi iliyoandikwa. Kwa msagaji alijua kwamba Jumanne mashine ya pili inakuwa huru kwa sababu mwenyewe anampeleka mama yake hospitali, na mpwa wake hufanya kazi haraka akiachwa peke yake. Ikawa hivyo mlango hadi mlango. Kabla jua halijazama arobaini zile zilikuwa zimerudi mezani kwake.

Lakini kila waliposimama, Harmsen alibonyeza saa yake na kuandika. Kubonyeza, kuandika.

"Alikuwa ananipima," Hsiang alimwambia A-piao kesho yake. "Kila nilipopoteza muda kuongea, aliandika."

"Aandike. Labda anakuchumbia."

"Mpuuzi wewe. Nina miaka hamsini na tatu."

"Na yeye ana pua ya miaka themanini. Mnafaana."

Hakucheka. Mwezi wa kumi na mbili likaletwa kreti kutoka Denmark: mashine ya kupimia, inayosoma skrubu kwa mwanga, bila kidole. Waliiweka pembeni ya meza yake, imefunikwa nailoni nyeupe, na hakuna aliyemwambia neno. Ikakaa pale kama maiti inayosubiri ndugu. Hsiang alifanya kazi akiitazama kwa jicho la pembeni. Hata vile vitafunio vya mfuko wa kijani, ambavyo kila karakana huweka juu ya mashine ili isigome, tayari mtu alikuwa ameviweka juu ya nailoni. Nani? Nani alishaanza kuibembeleza?

Ndipo ikafika karamu ya kufunga mwaka.

Karakana zote za mtaa ule hufunga mwaka kwa meza za duara, supu, samaki, bahati nasibu na pombe kali ya mtama. Na kuku mzima, akiwa na kichwa chake. Hapo ndipo watu wazima wanapokuwa na wasiwasi kama watoto. Tangu zamani, bosi asiye na ujasiri wa kumfukuza mtu kwa mdomo humwachia kuku kazi hiyo: ambaye kichwa kimemwelekea ameelewa, anakula, anashukuru, na baada ya sikukuu ya mwaka mpya harudi. Mabosi wa siku hizi hukikata kichwa jikoni, au hukielekeza kwao wenyewe, watu wakacheka na kula. Lai alikuwa wa hawa wa pili. Kila mwaka alimgeuza kuku kwake na kusema, "Mwaka huu tena najifukuza mwenyewe!"

Jumamosi ile adhuhuri walikaa chini ya turubai uani. Mkataba ulikuwa utiwe saini Jumatatu, kwa hiyo Harmsen aliketishwa meza ya bosi, na Hsiang naye, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alilitazama hilo pia, akaliweka moyoni.

Harmsen akasimama kutoa hotuba. Yu-han akafasiri kwamba mgeni anaipenda nchi hii: umeme wake haukatikikatiki, bandari iko karibu, mtu akikuahidi Ijumaa inakuwa Ijumaa, na fundi wa hapa akiambiwa kitu hakiwezekani huenda kulala nacho na asubuhi kimewezekana. Watu wakapiga makofi. Kuku akaletwa. Lai akamgeuza kwake, akafungua kinywa aseme mzaha wake.

Harmsen, bado amesimama, akanyoosha mkono, akalisukuma taratibu lile sinia la kuzunguka lililo katikati ya meza, robo duara, na nusu ya robo. Likasimama. Akamtazama Hsiang usoni, akatabasamu, akamwashiria: karibu.

Kichwa cha kuku kilikuwa kinamtazama yeye.

A-piao, hata A-piao, akaangalia bakuli lake. Lai akalirudisha sinia haraka mpaka mchuzi ukamwagika. "Mwaka huu tena najifukuza mwenyewe!" akasema kwa sauti kubwa mno, na waliocheka walicheka kwa kuchelewa.

Hsiang alikula. Akashukuru. Katika bahati nasibu alishinda feni ya mezani, na hata feni ile aliiona kama zawadi ya kuagwa.

Jumapili Pei-ju alipiga simu.

"Mama, kuku ni kuku. Mzungu anajua nini?"

"Anajua kuandika. Ananiandika tangu mwezi wa kumi."

"Kamuulize bosi."

"Mtu hamuulizi bosi kitu kama hicho. Ukiuliza unamlazimisha ajibu. Miaka ishirini na sita, nimlazimishe aniambie usoni?"

"Kwa hiyo utafanya nini?"

"Nitamrahisishia."

"Mama! Usiende kufanya..."

"Umekula? Vaa soksi, huko kwenu upepo."

Jumatatu alfajiri aliifua aproni yake mara ya pili, akaipiga pasi, akamsubiri A-piao anapopita na pikipiki. "Mpe Bosi Lai. Mwambie ahsante, nimechoka mgongo. Na kikombe changu kilichoko dirishani unirudishie jioni."

"Dada Hsiang, leo? Leo ndiyo leo, Pua Ndefu anatia saini!"

"Ndiyo maana. Asinikute."

Siku nzima hakukaa. Alipangua kabati, akalipanga. Alikosha sufuria ambazo hazikuwa chafu. Mara sita alikagua gesi. Alisikiliza mtaa: mashine ya jirani, saa nne, saa tano. Kule sasa wanatia saini. Kule sasa wanafunua ile nailoni. Simu ililia mara nne, ikawa ni ya karakana, akaitazama mpaka ikanyamaza.

Saa kumi gari la taka likasikika likija na muziki wake. Akachukua mfuko wake, akatoka pamoja na majirani wote wakiwa na mifuko yao. Nyuma ya gari la taka, likibanwa lisiweze kupita, lilikuja gari jeusi la Bosi Lai. Lai akashuka. Yu-han akashuka. Harmsen akashuka, ameshika mfuko wa plastiki.

Majirani walisahau taka zao.

"Dada Hsiang," Lai akaanza, pale pale barabarani, "unataka kuniua?"

"Mimi? Mimi nimekurahisishia, bosi."

"Umenirahisishia! Sanduku liko mlango wa kwanza tangu asubuhi! Nimemtuma A-piao. Mzee Chiang kamwambia, weka pale, njoo Alhamisi. Msagaji kamwambia, Hsiang yuko wapi, mmemfanya nini? Na huyu," akamwonyesha Harmsen kwa kidevu, "alikuwa amesimama na saa mkononi. Hajatia saini."

Hsiang akautupa mfuko wake garini kabla gari halijaondoka. Mambo yote na yangoje, gari la taka halingoji. "Kuku kanielekea mimi," akasema, mgongo ukiwa kwao.

Yu-han akamweleza Harmsen. Ilichukua muda. Mzungu akawa mwekundu kuanzia shingoni hadi kwenye ile pua, akasema maneno mengi kwa haraka.

"Shangazi, anasema kuku alikuwa amekunjwa, na upande wako ndiko paja lilikokuwa. Paja kubwa. Kwao mgeni wa heshima hupewa paja. Hajawahi kusikia habari ya kichwa. Anaomba radhi." Harmsen akaunyoosha ule mfuko kwa mikono miwili. "Amekuletea kuku wa kuchoma. Amemkagua mwenyewe, hana kichwa."

Jirani mmoja akaguna kucheka. Hsiang hakuupokea mfuko.

"Aliandika nini kwenye daftari?"

Lai akatazama viatu vyake. Viatu vya kutokea.

"Niambie, Yu-han. Wewe hujui kudanganya, nimekufuta kamasi."

Yu-han akavuta pumzi. "Aliandika mazuri ya mtaa huu, Shangazi, kurasa nne. Kwamba kiwanda chenyewe siyo karakana ya baba, ni mtaa mzima. Kwamba mashine unaweza kununua popote, lakini milango sita inayoaminiana bila karatasi hainunuliki. Halafu akaandika hatari. Ya kwanza..." Akasita. "'Njia yote imo kichwani mwa mama mmoja mwenye pikipiki.' Wakubwa wake wamesema hawaweki pesa hadi mama huyo afundishe wengine wawili. Tungekwambia leo, baada ya saini."

"Na meza yangu?"

Lai akapangusa vumbi kwenye kioo cha gari.

"Bosi. Meza yangu ya dirishani."

"Pale itakaa ile mashine," Lai akasema polepole. "Inataka mwanga."

Hsiang akatikisa kichwa, siyo kwa hasira, kama mtu aliyehesabu mara nyingi na leo ameambiwa hesabu yake ilikuwa karibu na sahihi. "Basi kuku hakusema uongo wote."

"Kazi unayo, dada. Kubwa kuliko ile. Kwa nini unaiona kama msiba?"

"Nikishawafundisha hao wawili, nitakuwa hatari namba ngapi?"

Lai akamgeukia binti yake. Yu-han akafasiri swali. Harmsen akafikiri, akasema maneno machache.

"Anasema ni swali zuri. Anauliza wewe ungetaka kiandikwe nini."

Hakuna aliyewahi kumuuliza kitu kama hicho, si kwenye miavuli, si kwenye viatu. Hsiang aliangalia mtaa. Alimwona jirani wa kushoto akisikiliza, wa kulia akijifanya hasikilizi. Aliogopa. Alisema hivyo hivyo akiogopa.

"Liandikwe jina. Siyo 'mama mmoja'. Liao Chiu-hsiang. Na iandikwe nafundisha miaka mitatu, siyo miezi mitatu, kwa sababu magoti ya mke wa Mzee Chiang hayafundishwi kwa miezi mitatu. Na hao wawili nawachagua mimi. A-piao asiwe mmoja wao, anaongea mno."

Yu-han akayaandika kwenye daftari la Harmsen, juu ya boneti la gari. Harmsen akasoma, akaweka herufi za jina lake pembeni. Lai akaweka zake.

"Tanuru linafungwa saa kumi na moja," Hsiang akasema ghafla. "Mnasimama nini?" Akampokonya mzungu kuku, akamkabidhi Yu-han. Akaitoa pikipiki, akampiga Harmsen begani apande. Magoti yakatokeza. Wakaondoka kwa kasi, majirani wakipisha.

Walikuwa wameshapita kona ya pili Hsiang alipofunga breki hata pua ya mzungu ikagonga kofia ngumu ya Hsiang.

"Gesi," akasema, akageuza pikipiki kurudi nyumbani.

Nyuma yake akasikia saa ikibonyezwa.