Pua ya Mama na Wiski ya Shemeji

Wiski niipendayo kuliko zote inatoka kisiwa cha Islay, magharibi mwa Uskoti, na watu wengi wakiionja mara ya kwanza hukunja uso. Wanasema inanuka hospitali, au kamba iliyoungua. Mimi nilipoionja mara ya kwanza nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikifanya kazi kwa wakala wa forodha upande wa Kenya, na sikukunja uso. Niliweka glasi mezani nikajifanya natafuta kalamu, ili mtu asione macho yangu.

Bosi wangu alikuwa mzee wa Kikenya aliyefanya kazi bandarini Mombasa kabla ya kuhamia Busia. Nyuma ya mafaili alikuwa na kabati la chupa. Ijumaa alasiri, lori letu la mwisho likishapata kibali, alitumiminia kidogo kidogo sisi wafanyakazi wake, wiski za shayiri tupu zilizopikwa mahali pamoja, zile ambazo kwenye chupa huandikwa single malt. Alikuwa na masharti. Barafu hapana. Soda hapana. Maji matone mawili, basi. Kwenye baa za barabarani watu walikuwa wakizichanganya wiski hizohizo na soda nyeusi, na yeye akiona hivyo aliinuka akahama meza.

Siku hiyo ya kwanza aliniwekea glasi mbili.

"Hii unasikia nini?"

"Moshi," nilisema. "Chumvi. Na kitu kama ngozi ya kiatu kipya."

"Na hii?"

Ya pili ilikuwa ya bonde la mto Spey, kulekule Uskoti, iliyolala miaka mingi kwenye mapipa yaliyowahi kuwekwa divai tamu. Nilimwambia nasikia zabibu kavu, mdalasini, na mbao.

"Binti, hiyo pua umeitoa wapi?"

"Sijui, bosi."

Nilijua vizuri sana.

Mama yangu alikuwa mpishi wa enguli, pombe kali ya kienyeji, kule Lunyo, upande wa Uganda. Wakenya wanaiita chang'aa. Alikuwa na pipa la mafuta lililofungwa kwa udongo na kitambaa, mrija wa shaba uliopita kwenye mtaro wa maji baridi, na chini yake mtungi. Alivundika molasi kwa siku kadhaa, akawasha kuni za mti aliouchagua mwenyewe, akakaa kwenye kigoda karibu na mrija kama mtu anayesikiliza redio. Hakuwa mlevi. Alionja kwa ncha ya ulimi na kutema. Alinusa zaidi ya alivyoonja. Sisi watoto wake watatu tulilala na moshi ule kwenye nywele, tukaenda nao shuleni kwenye sare.

Hapo ndipo aibu yangu ilipoanzia. Nilipokuwa darasa la tano polisi walikuja, wakapiga pipa kwa shoka, wakampeleka mama kituoni akiwa amebeba viatu vyake mkononi. Alirudi siku ya tatu. Kesho yake darasani msichana mmoja aliziba pua nilipokaa karibu naye, na tangu hapo hadi nilipomaliza shule niliitwa mtoto wa enguli. Mama alinunua pipa lingine. Kwa pipa hilo nilimaliza sekondari, nikasoma mambo ya forodha, na wadogo zangu wakasoma. Mdogo wa mwisho alipomaliza, mama alizima moto mwenyewe bila kuambiwa na mtu, akarudi kwenye mihogo na karanga.

Kwa hiyo nilipompata mume, Mjapadhola wa Tororo kutoka nyumba ya walimu na wazee wa kanisa, na akaniuliza mama yangu anafanya kazi gani, nilisema analima mihogo na karanga. Wakati huo ilikuwa kweli. Nilijifariji hivyo kwa miaka mitatu ya uchumba na ndoa.

Wiski sikuificha. Huo ndio upumbavu wangu mkubwa. Mwanamke anayejua wiski ya Uskoti, nyumbani kwa mume wangu, alionekana mtu aliyetembea dunia. Shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa akifanya kazi ya kutunza wazee huko Uskoti kwenyewe, na kila aliporudi tulikuwa na mazungumzo yetu mimi na yeye. Yeye alipenda zile nyepesi zenye harufu ya tufaha na asali. Mimi nilimwambia hizo ni za watu wanaoogopa. Alicheka. Nilikuwa nikisema moshi, chumvi, ngozi, na watu wa nyumba ile wakinisikiliza kana kwamba nimesomea. Moshi wa Islay ulikuwa na heshima. Moshi wa Lunyo niliuacha Lunyo.

Mtoto wetu wa kwanza alipobatizwa, mama alikuja Tororo kwa mara ya kwanza. Alivaa gomesi ya kijani, akaleta kuku wawili na gunia dogo la karanga, akasema atakaa siku tatu ili anisaidie na mtoto. Kwa desturi zetu mama hakai meza moja na mume wa binti yake, hivyo baada ya ibada alikaa na akina mama kwenye veranda ya nyuma. Mama mkwe wangu, kiongozi wa akina mama kanisani, alikaa kiti cha pili kutoka kwake. Kwa kuwa mmoja alisema Lusamia na mwingine Dhopadhola, waliongea Kiswahili chetu cha mpakani, na walikuwa wakielewana vizuri. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, namnyonyesha mtoto.

Chakula kikiwa kimekwisha, shemeji alikuja veranda na chupa aliyoileta kutoka huko. Ilikuwa ya Islay, ya miaka kumi na minane, aliyoninunulia mimi. Alinimiminia, kisha kwa utani akamimina nyingine kidogo akampa mama.

"Mama, onja hii dawa ya wazungu."

Akina mama wakacheka. Nilitegemea mama angekataa. Aliipokea kwa mikono miwili, akainusa, akaitoa puani, akainusa tena. Kisha akaonja kwa ncha ya ulimi. Hakutema, maana alikuwa ugenini.

"Hii mpishi yake amechelewa kukata," alisema.

"Kukata nini, Mama?" shemeji aliuliza.

"Pipa ikianza kutoa, ile ya kwanza unamwaga. Hiyo inaua mtu. Ya katikati ndiyo nzuri. Ya mwisho inakuja nzito, inanuka kama ngozi, hapo unakata. Huyu ameacha ya mwisho kidogo iingie ndani. Lakini hakukosea. Ametaka hivyo."

Shemeji alikaa chini kwenye sakafu. Alisema aliwahi kutembelea kiwanda kile chenyewe, na mtu aliyewazungusha aliwaambia maneno hayohayo, kwamba wao hukata kwa kuchelewa ili ule uzito ubaki. "Mama, wewe umejuaje?"

Mama alinitazama mimi kwanza. Nimeurudia mtazamo ule mara nyingi. Haukuwa wa kuomba ruhusa. Nadhani alikuwa na furaha. Mtu alikuwa amemuuliza swali la kazi yake, mbele ya watu, kwa heshima.

"Mimi nilikuwa napika," alisema. "Kule Lunyo. Miaka mingi."

Nikacheka. Kicheko kilinitoka kabla sijafikiri, kikali, hadi mtoto akaachia ziwa.

"Mama anatania," nikasema. "Majirani ndio walikuwa wanapika. Yeye amelima mihogo tu maisha yake yote. Mama, acha kuwachanganya watu."

Mama mkwe alikuwa akiangalia mikono yake. Mama aliweka glasi sakafuni, polepole, pembeni, ili mtu asiipige teke.

"Ndiyo," alisema. "Nilikuwa natania."

Baada ya muda mfupi aliingia ndani akatoka na mfuko wake. Nilimfuata hadi getini nikamuuliza vipi zile siku tatu.

"Nakwenda," alisema. "Kuku wangu hakuna mtu wa kufungia."

"Mama, jirani si yupo?"

"Nakwenda, mwanangu. Rudi kwa wageni."

Nikarudi kwa wageni. Nikamaliza glasi yangu na kumweleza shemeji habari ya chumvi.

Wiki moja baadaye mama mkwe alikuja kumwogesha mtoto. Nilimwambia naomba radhi kwa maneno ya mama yangu siku ile. Aliendelea kumpaka mtoto mafuta bila kuinua kichwa.

"Maneno gani?"

"Yale ya kupika."

"Mwanangu, wewe ulifikiri tunaoa bila kuuliza? Kabla ya posa mimi na dada yangu tulikwenda Lunyo, tukasema tunatafuta mbegu ya karanga. Mama yako alitupa chai. Hakutuficha kitu. Alituonyesha hata mahali pipa lilipokuwa. Nilirudi nikamwambia mwanangu aoe, maana mwanamke kama yule hawezi kuzaa mvivu." Alimfunga mtoto nepi, akamalizia: "Siku ile niliona haya. Lakini si kwa sababu yake."

Kumbe wote walijua. Mume wangu alijua. Alikuwa akinisikia nikisema habari ya mihogo mwaka baada ya mwaka, na kwa upole wake aliniacha. Nilimchukia kwa upole huo kwa muda mrefu. Ni rahisi kumchukia mtu aliyenyamaza kuliko kujitazama.

Nilikwenda Lunyo. Mama alinipokea vizuri, na uzuri huo ndio ulionimaliza. Alitoa kiti cha wageni akakifuta kwa kanga. Chai alinipa kwenye kikombe cha wageni chenye sahani yake. Mimi niliyekunywa uji kwenye kifuniko cha sufuria katika nyumba ile.

"Mama, kwa nini hukuniambia kwamba wanajua?"

"Hukuuliza. Ulikuwa unapenda kusema habari ya mihogo, nikaona unataka iwe mihogo."

"Nisamehe."

"Kunywa chai," alisema. "Itapoa."

Hakunifukuza, wala hakunisema kwa mtu. Nilipoondoka alinipa karanga. Niliporudi tena alinipa karanga. Tororo hakukanyaga tena, na kila nilipomwalika alikuwa na kuku, au mguu, au mvua. Kuhusu pipa lake hakuzungumza tena nami hata neno moja. Akiongea alisema shamba, shamba tu, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba ananitunzia uongo wangu usije ukavunjika.

Miaka miwili iliyopita presha ilimwangusha akipalilia, na hakuamka. Kwenye karatasi ya ibada ya mazishi mdogo wangu aliandika kwamba mama alikuwa mkulima hodari. Niliisoma nikiwa nimesimama kando ya kaburi, na zamu yangu ya kusema ilipofika nilisema mama alikuwa mpishi wa enguli, mpishi safi, na kwamba mimi na wadogo zangu ni watoto wa pipa. Nilidhani ardhi ingetikisika. Mchungaji alikohoa kidogo. Wazee walitikisa vichwa kukubali, mmoja akasema hakuna mtu aliyepofuka kwa pombe ya yule mama. Kisha wakaendelea na wimbo. Jambo nililolificha kwa miaka yote ile lilichukua muda wa kumeza mate, na mtu pekee niliyetaka alisikie alikuwa ameshafungiwa ndani ya sanduku.

Mwezi uliopita shemeji alipiga simu kutoka Uskoti. Ana marafiki huko wanaopenda wiski, na amewasimulia habari ya mama mara nyingi. Walitaka kujua alikuwa akitambuaje wakati wa kukata. Kwa harufu? Kwa rangi? Kwa kidole kwenye mrija? Hakuwa na kipimo chochote, hakuwa na saa.

"Wewe uliishi naye," alisema. "Lazima aliwahi kukuonyesha."

Nilimwambia sijui. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake kila Jumamosi ya utoto wangu, nikiwa nimempa mgongo, nimefunika kitabu changu cha shule kwa nailoni kisije kikashika moshi. Shemeji akauliza kama watoto hawajambo.