Sinia la Shibiri Mbili

Siku Bwana Eliakimu alipolipindua pipa langu la unga mbele ya wakata mkonge, hakuna aliyenitetea. Unga ulimwagika mpaka kwenye kandambili zangu. Bakari, Mha mmoja wa Kigoma niliyezoea kumwongezea ukoko, alinitazama akasema polepole, "Mama, kumbe njaa yetu ulikuwa umeilalia." Tangu hapo nimeugua na nimezika. Lile neno ndilo halijapona.

Kazi niliianza nikiwa msichana, enzi za unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, katika jiko la shamba la mkonge huku chini ya Hedaru. Shule niliishia darasa la pili. Mpishi mkuu, Mama Namsifu wa Mhezi, aliitikia shikamoo yangu bila kugeuka, akanipa kamba.

"Tafuta katikati ya hilo sinia."

"Nikadirie kwa macho, mama?"

"Macho yana ndugu. Kamba haina."

Nikaivuta ukingo hadi ukingo, pale papana kabisa, nikaikunja katikati. Nusu ile, ambayo waliosoma huiita nusu kipenyo, akaniambia niitembeze ukingoni ikiwa imenyooka, nitie alama kila inapoishia. Ya sita ikagota palepale nilipoanzia. Nikadhani nimebahatisha. Nikajaribu kifuniko cha sufuria, nikajaribu ungo, nikajaribu mdomo wa pipa. Sita, sita, sita. Nani aliliambia duara lihesabu hivyo? Ndiyo sababu sinia moja lilikuwa la watu sita. Ugali tuliusawazisha kimo cha pingili moja ya kidole, mwiko ukapita mara tatu, kila alama na inayoikabili, na sikuwahi kuona watu wakigombea kipande.

Zikaja siku za ruksa, serikali ikaachia biashara, shamba likauzwa. Mama Namsifu alikwisha rudi Mhezi, mpishi mkuu nikawa mimi. Meneja mpya, huyo Bwana Eliakimu, akaleta masinia mapya. Ya zamani yalikuwa na upana wa shibiri tatu, yake mbili, na watu wakabaki sita kwa kila moja.

"Tumepunguza theluthi tu," akasema, na unga akaupunguza theluthi. Kimo kisibadilike, akamweka nyapara akipime kwa kijiti.

Siku ya kwanza tu unga ukabaki. Nikapima kwa bakuli. Sinia la zamani lilimeza bakuli tisa za ugali, jipya likajaa kwa nne. Tatu mara tatu, mbili mara mbili. Nikakaa chini. Kumbe duara likipungua upana, linapungua mbele na ubavuni kwa pamoja. Sijapata kuona jambo kubwa namna ile limekaa wazi hivyo.

Nikabeba masinia mawili mpaka ofisini.

"Bwana, watu wanakula chini ya nusu."

"Umeishia darasa la ngapi?"

"La pili."

"Mimi nina diploma. Kapike."

Nyapara akacheka mpaka akashika mlango.

Unga uliobaki nikawa nautunza pipani, nikingoja aje aone mwenyewe. Alikuja wiki ya tatu, watu walipoanza kuanguka mashambani. Pipa aliliona. Masinia hakuyatazama.

Leo napika makande hapa Hedaru, mvi zimejaa. Wasichana ninaowafundisha huanza na kamba. Ikifika ya sita hukimbilia ungo kujaribu tena, nami bado huinama nao kutazama.

Bwana Eliakimu, nasikia umejenga Same mjini. Wale watu walirudi kwao Kigoma na Songea wakiniita mwizi. Mwenye diploma ulikuwa wewe. Nijibu mbele ya watu: ulikosea hesabu, au ulijua?