Kochi la Mama Noëlla Lisilo na Kiungo

Papa Nicolas Kabulo alikuwa na subira na mbao, hata zile zinazopinda baada ya kupigwa randa. Subira na watu wenye simu ndiyo iliyomwishia. Kwa miaka ishirini na sita, mtu aliyetaka viti hapa Kalemie alifika kwenye karakana yake mtaani Kataki, akasema anataka salon, na wote wawili wakaelewana: kochi moja la watu watatu, foteyi nne za mtu mmoja mmoja, meza ya katikati na vistuli. Mteja alichagua rangi ya kitambaa akaenda zake. Siku hizi mteja hata salamu hajamaliza, simu imeshatoka mfukoni.

"Tazama hii, Papa. Njo ya Italia."

Italia. Alikuwa ameshaichukia nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Italia ilitaka miguu myembamba chini ya kochi litakalokaliwa na mashemeji sita wakitoka misa. Italia ilitaka skai nyeupe, ngozi ya bandia inayoonyesha kila alama ya kidole, katika mji ambao vumbi lake jekundu linaingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Tena ilitaka chumba kitupu, kochi na ukuta tu. Watu wa picha zile, alimwambia mkewe Laurette, hawana watoto, hawana wageni na hawajawahi kufiwa.

Aliyewapita wote kwa usumbufu alikuwa Mama Noëlla, mjane, karani katika ofisi moja ya mkoa. Binti yake Carmel alikuwa ameposwa, na Mama Noëlla aliapa kwamba wakwe hawatakuja kuleta mahari juu ya viti vya zamani. Alitaka kochi la kona, mita nne upande mmoja, mita tatu upande wa pili. Papa Nicolas alimweleza kwa upole kwamba kitu kikubwa hivyo hutengenezwa vipande viwili, vikashikwa kwa vyuma chini kwa chini. Mama Noëlla aliikuza picha kwa vidole viwili, akamsogezea usoni.

"Wapi unaona kiungo hapa?"

"Kwa picha hakionekane, Mama. Lakini kiko."

"Mimi sikioni. Na nataka ile naona. Sitaki kuona ata mustari."

Basi likawa kipande kimoja. Na kwa kuwa kipande kimoja cha ukubwa ule hakipiti mlango wowote wa Kalemie, Papa Nicolas alihamisha vyombo vyake hadi sebuleni kwa Mama Noëlla, akafanya kazi humo miezi mitatu kama mtu aliyeoa mke wa pili. Carmel alimletea chai. Mama Noëlla alirudi kutoka kazini saa tisa, akasimama nyuma yake na simu, na hapo balaa likaanza. Mgongo wa kochi uko juu, ushushe. Umeshuka mno, upandishe. Miguu minene. Papa Nicolas alichonga, akachongoa, akasonya hadi taya zikamuuma. Mbao zilikuwa za mulombwa, mti mwekundu wa huku, zilizotoka Kabalo kwa treni, na skai ilivuka ziwa kutoka Kigoma. Alichokuwa nacho mwenyewe ni mikono na hasira.

Na kilichomkera kuliko yote ni kwamba kochi lilikuwa zuri. Lilikata kona bila kusita, mshono ukafuata mshono, na ukipitisha kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho hakuna mahali kilipokwama. Siku alipomaliza alikaa nalo peke yake, akaona haya kwa jinsi alivyofurahi. Baba yake alitengeneza mabehewa ya reli maisha yake yote na hakuna abiria aliyewahi kuuliza jina lake. Papa Nicolas alitaka jambo moja tu: kila atakayekaa pale ajue nani aliyelitengeneza. Alilitaka kuliko alivyoweza kumwambia Laurette.

Wiki hiyohiyo Laurette alirudi sokoni, akaweka kapu chini taratibu.

"Papa, usikasirike. Mama Noëlla anaambia bantu wote kule sokoni kochi yake ilitoka Italia. Kwa kontena. Eti ilipitia Dar."

Papa Nicolas alichukua ubao ambao haukuhitaji randa, akaupiga randa mpaka ukabaki mwembamba kama biskuti. Kwenda kugombana aliona ni kujidhalilisha, na kunyamaza nako kulimchoma, kwa hiyo alishinda siku zote akiwafokea mbwa.

Jumamosi ya mahari alikuwa amevaa koti, tayari kwenda kumtembelea mgonjwa, pikipiki iliposimama mlangoni. Dereva alionekana hana uhakika na ujumbe aliopewa.

"Papa, Mama Noëlla anakuita mbio. Anasema ukuje na musumeno."

Alikuta watu kumi wamesimama uani juani, wanaume na suti, wanawake na vitenge vipya, vizawadi mikononi. Carmel alimpokea getini, wanja umeanza kumtiririka. Wakwe waliingia, alisema, wakatazama, wakatoka.

Ndani, Papa Anatole, baba mdogo wa Jovial, bwana harusi, na msemaji wa ukoo wao, alikuwa akilionyesha kochi kwa kidole kutoka ncha hadi ncha, pengine kwa mara ya kumi.

"Hii ni kiti moja. Jovial ataikala pale, mama mukwe ataikala huku, na kiti ni moja tu. Kwetu mukwe na mama mukwe hawaikale kiti moja. Haifanyike."

Ilikuwa kweli, na hata kwa akina Mama Noëlla ilikuwa kweli. Hakuna aliyekuwa amelifikiria kwa sababu hakuna aliyewahi kulazimika kulifikiria. Katika salon za kawaida mama mkwe ana foteyi yake, mkwe ana yake, na heshima inajilinda yenyewe. Foteyi zote za zamani Mama Noëlla alikuwa amezigawa parokiani. Majirani walileta viti vya plastiki. Jovial akae kwenye plastiki? Ukoo wake ukanuna. Mama Noëlla akae yeye? Ndani ya nyumba yake? Asimame? Papa Anatole akasema kitenge anacholetewa mama wa binti siku ya mahari hupokewa umekaa, na anayesimama amekataa. Saa nzima iliishia hapo.

"Papa Nicolas," alisema Mama Noëlla bila kumwangalia. "Ukate."

"Sikati."

"Nakuomba."

"Uliniambia hutaki kuona ata mustari. Leo unataka nitie musumeno mbele ya bantu? Hii ya Italia, Mama, muite fundi wa Italia aikate."

Mama Noëlla aliinamisha kichwa. "Njo maisha ya mutoto wangu iko mule. Hawa bantu wakirudia kwao leo, hawatakuja tena."

Papa Nicolas alimtazama Carmel pale mlangoni. Alisonya kwa mara nyingine, kwa nguvu, kisha akavua koti.

Alianza kwa kisu, akapasua skai aliyoishona kwa mkono wake, na aliuma meno kila uzi ulipokatika. Kisha msumeno. Kochi lilipotikisika, Jovial alipiga magoti na suti yake mpya akalishika upande wa pili. Watu wa uani walirudi ndani mmoja mmoja, wakatazama. Unga mwekundu wa mbao ulimwagika kwenye vigae vyeupe. Vipande viwili vilipoachana, Papa Nicolas aliweka matofali chini ya ncha zilizobaki bila mguu, yeye na Jovial wakavisukuma mbali.

"Ongeza," alisema Papa Anatole. Wakaongeza nafasi ya mkono mzima.

Wakakaa, mama mkwe huku, mkwe kule. Papa Anatole aliinama, akaokota unga kidogo, akaunusa.

"Hii ni mulombwa. Mama, mie nilisikia kochi ilitoka Italia. Mulombwa iko ata kule Italia?"

Mama Noëlla alikaza macho kwenye vigae.

"Haikutoka Italia," alisema. "Ni Papa Nicolas njo alitengeneza. Yule pale, mwenye musumeno. Alitengeneza yote hapa ndani, miezi mitatu. Mie njo nilidanganya."

Watu wote kumi waligeuka kumtazama. Mwanamke mmoja alipitisha kiganja juu ya skai, polepole, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Kochi lililokuwa zima lilisifiwa kwa jina la wengine. Sasa limekatwa, na lilikuwa lake. Papa Nicolas alisimama hapo na unga mwekundu hadi kwenye kope. Alikuwa bado amekasirika, tena alikusudia kuendelea kukasirika hadi jioni, lakini uso ulimkatalia, ukatabasamu.