Umeridhia? Boti Tuliyoichagua kwa Safari ya Neema

Wengi wenu huko Kinangop mlinipigia simu kuuliza kama ni kweli nimempeleka Neema baharini, na mlisikika kama watu ambao lawama walishaiandaa. Ni kweli. Nimempeleka na nimemrudisha, na ninaandika ili habari mzipate kwangu kabla hazijapitia kwa shangazi zake.

Neema ana miaka kumi na minne, na kifafa kilimwanza akiwa na sita. Hilo mnalijua. Msilolijua ni kwamba tangu nihamishiwe Lamu kufundisha hesabu, mtoto huyu amekuwa akiitazama bahari kutoka barazani kama mtu anayetazama harusi ya jirani. Ameivuka tu kati ya Mokowe, upande wa bara, na mjini, huku mama yake amemshika mkono. Darasa lake lilipokwenda ziara kisiwa cha Pate, alibaki nyumbani. Kisha barua ya uhamisho ikaja: Januari tunarudi bara. Siku hiyo wakati wa chakula Neema akaweka kijiko chini. “Baba, kwa hivyo tutahama kabla sijalala kwa boti hata siku moja?” Mke wangu Wambui alinitazama. Nikajua nimeshindwa.

Sharti langu likawa moja: tungekwenda na watu watakaoambiwa ukweli wote, na wakiusikia bado watuchukue. Nilidhani sharti hilo litaimaliza safari kabla haijaanza, na sitawaficha kwamba jambo hilo lilinipa raha kidogo.

Jumamosi asubuhi tulianzia Mkomani, kwenye ofisi ya kampuni iliyobandika picha kubwa mlangoni. Boti yao ilikuwa nyeupe, injini mbili, muziki, kamba wa kuchoma na viti vya kulalia. Kijana wa pale alitukaribisha vizuri. Nikaanza: “Binti yetu ana...”

“Hakuna shida, mwalimu.”

“Hujasikia bado. Huwa anaanguka, anapoteza fahamu kwa...”

“Hakuna shida kabisa. Wageni wetu wote hufurahi.”

Tulipotoka nje Wambui akasema mtu anayekwambia hakuna shida kabla hujaitaja, hiyo shida ikija utakuwa nayo peke yako. Kampuni ya kwanza ikaishia hapo.

Mchana tukatembea ufukweni hadi Shela. Huko kulikuwa na kampuni ya watu wenye uwezo: boti ina vyumba, vitanda vyeupe, mpaka choo cha maana. Meneja, mama mpole mwenye miwani, alituletea juisi ya ukwaju na kusikiliza kila neno. Alipomaliza kusikiliza akasema anasikitika, sheria za bima yao hazimruhusu. Ila mimi, Wambui na mdogo wake Neema, Kimani, tungeweza kwenda kwa bei nafuu. “Msichana mnaweza kumwacha na mtu mnayemwamini,” akasema.

Neema alikuwa amekaa kwenye ngazi karibu na mlango. Wakati wa kurudi alitangulia mbele yetu njia nzima, viatu mkononi, bila kugeuka. Nilimkasirikia yule mama, ingawa alikuwa ametuambia ukweli, nao ndio niliokuwa nikiutafuta. Na ndani ya hasira hiyo nilikuwa nimepumua. Nilijiambia nimejaribu, yamekwisha.

Jumatatu, mwalimu mwenzangu mzaliwa wa Lamu akaniharibia amani hiyo. Alinitajia mtu na mkewe huko Matondoni, wenye boti ya mbao ya injini, pana, yenye turubai juu. Haikuwa ya watalii. Ilibeba familia kwenda harusini na matangani Pate na Siyu, na watu hulala humo humo juu ya magodoro. Nikapiga simu. Nahodha, Bwana Athman, alisikiliza yote, kisha akajibu kwa sauti ya mtu anayekula: “Basi mke wangu atakuya kuwaona.”

Nilidhani ni namna ya kusema hapana. Lakini Jumatano alasiri Bi Khadija akabisha hodi kwetu, buibui limejaa vumbi la punda, na mfuko wa maembe mkononi. Alikaa, akanywa chai, akasifu pazia la Wambui. Nikaanza kumweleza ugonjwa tangu mwanzo, dawa za asubuhi na jioni, kila kitu, kama ninavyoeleza kila mara.

Akanisikiliza kidogo, halafu akainua kiganja. “Nimekusikia, mwalimu. Sasa namuuliza mwenyewe.” Akamgeukia Neema. “Mwanangu, huanguka vipi? Kwa mbele au kwa nyuma?”

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Neema alifikiri. “Kwa upande. Wa kushoto.”

“Huyua kabla kama utaanguka?”

“Saa zingine. Nasikia harufu kama ya kitu kimeungua, na hakuna kitu kinaungua.”

“Ukisikia harufu hiyo ukiwa kwetu, nishike nguo. Usinambie kitu, nishike tu.” Kisha akataka afundishwe la kufanya. Neema akalala sakafuni, na huyo mama mzima akapiga magoti, akajifunza kumlaza ubavu, kumwekea kitu laini chini ya kichwa, na kutomtia chochote kinywani. Kimani akasema kazi yake yeye ni kutazama saa. Bi Khadija akampa embe kwa kazi hiyo.

Alipokuwa akitoka akatueleza desturi yao. Katika boti ya mume wake nanga haing'olewi mpaka kila abiria, mkubwa kwa mdogo, aulizwe kama ameridhia. Mmoja akikataa, boti haiendi. Baba yake Bwana Athman alifanya hivyo, na babu yake kadhalika, kwa kuwa mtu aliyepandishwa kwa nguvu huwaharibia safari wote.

Nilimuuliza Wambui kama amemwelewa huyo mama. Akaniambia ameshaanza kufunga mizigo.

Ijumaa, mara tu baada ya swala ya mchana, maji yakiwa yanajaa, tulikuwa kwenye gati la Lamu. Nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi na soksi, maana mtu wa Kinangop hasafiri miguu wazi, na Bi Khadija akaniomba kwa heshima nivivue kabla sijateleza na kuwa mgonjwa wa kwanza. Neema aliwekwa katikati ya boti, kwenye mkeka uliozungushiwa magodoro pande zote, na jaketi la kuokolea maisha kifuani. Bwana Athman, mtu mrefu mwenye kikofia na sauti ndogo, akapita kwa kila mmoja.

“Mama Neema, umeridhia?”

“Nimeridhia.”

“Kimani?”

“Nimeridhia sana.”

“Neema, umeridhia?”

“Nimeridhia.” Alisema kama bibi harusi.

Nilipoulizwa mimi nilitikisa kichwa kuitikia, lakini haikukubaliwa mpaka nilipotamka.

Alasiri ile tulipita Mkanda, mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko imesimama majini pande zote kama watu walioshikilia marinda yao yasilowe. Kimani alihesabu ndege akachanganyikiwa. Neema hakuhesabu chochote. Aliweka kidevu juu ya magodoro na kutazama tu, nami nikamtazama yeye, kwa hivyo mkiniuliza Mkanda ukoje sina mengi ya kuwaambia. Jua lilipoanza kuzama tulitia nanga nje ya Mtangawanda, upande wa Pate, tukala wali na samaki wa kukaanga. Neema alifurahi mno kiasi cha kutolala vizuri, na kukosa usingizi ndiko kunakomwamshia ugonjwa. Nililijua hilo, nikakesha naye.

Jumamosi asubuhi tulikuwa tumeshaanza kuelekea Siyu. Bi Khadija alikuwa akimimina chai. Nilimwona Neema akinyoosha mkono, akashika buibui la yule mama.

Nilisimama nikajigonga kichwa kwenye mti wa turubai. Nilipofika, Bi Khadija alikuwa ameshasukuma birika mbali na amemlaza Neema kwa ubavu wa kushoto, leso yake imekunjwa chini ya kichwa. Bwana Athman alikuwa amezima injini. Mwili wa mtoto ulikuwa ukitetemeka, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo hapakuwa na mtu anayepiga kelele wala anayesogeza watoto wengine. Ilisikika sauti ya Kimani tu, akisoma saa. Kisha mtetemeko ukaisha. Kimani akatangaza muda kwa sauti iliyokwaruza, akaketi, akalia kidogo, akaendelea na chai yake.

Neema akalala usingizi ule wa baadaye. Nilimwambia Bwana Athman ageuze boti, turudi.

Hakugeuza. Alitia nanga karibu na mikoko. “Akiamka tutamuuliza.”

“Mimi ni baba yake.”

“Nayua. Na wewe utaulizwa.”

Nikamweleza kwa ukali kwamba huu si wakati wa desturi. Bwana Athman akajibu kwamba kama mtoto ataamka na harufu ile bado, au atakawia kuamka, au ataanguka tena, yeye mwenyewe atageuza bila kumuuliza mtu, na hospitali ya Lamu ameshaipigia simu. Lakini akiamka mzima ataulizwa. Wambui alikuwa ameshika mguu wa Neema. “Baba Neema, keti,” akasema. Niliketi. Maji yalianza kupungua, na kila mtu pale alijua kwamba yakipungua zaidi mfereji wa kuingilia Siyu hautapitika siku hiyo. Hakuna aliyelitaja.

Neema akafumbua macho. Alitazama juu, akatazama pembeni, akauliza kama tumefika Siyu. Akala mkate, akanywa chai. Mama yake akamuuliza maswali yetu ya kawaida, jina la mwalimu wake, siku ya leo, akajibu yote na kuongeza kwamba ameyachoka.

Bwana Athman akachuchumaa mbele yake. “Neema, tuendelee au turudi? Umeridhia?”

“Nimeridhia.”

Wambui akasema ameridhia. Kimani akasema ameridhia. Ikafika kwangu, na wote wakageuka. Nilikuwa naogopa, ndivyo ilivyo. Nilikuwa nimeogopa kwa miaka minane mfululizo, na nilidhani hiyo ndiyo kazi ya baba.

“Baba,” Neema akasema taratibu, bado sauti ina usingizi. “Nikianguka kwa nyumba naamka naona dari. Nikianguka shule naamka naona dari. Leo nimeamka nikaona mikoko.”

Ilibidi nitazame upande mwingine kwanza. Kisha nikasema, “Nimeridhia.”

Bwana Athman akanitazama kwa makini. “Hiyo si ridhaa kamili, mwalimu. Lakini yatosha kutufikisha Siyu.” Akang'oa nanga, na Wambui akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, nami nikacheka pia, machozi yakinitoka, huku nimeshika kichwa changu kilichovimba.

Adhuhuri tuliingia Siyu, boti ikikwaruza mchanga hapa na pale, Bwana Athman akiisukuma kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti. Tulifikia kwa Bi Mwanaisha, shangazi wa Bi Khadija, ambaye habari zilikuwa zimemfikia kwa simu. “Ndiye huyu aloanguka?” akauliza mlangoni. Mimi nilitaka kukasirika. Neema akajibu, “Ni mimi,” na Bi Mwanaisha akamwambia, “Karibu mwanangu, ndoo ule,” yaani njoo ule, na mambo yakaishia hapo. Alipewa sahani iliyojaa kuliko ya kila mtu. Jioni tulizunguka ngome ya kale kwa nje, na kijana wa Bi Mwanaisha, fundi wa ngozi, akampima Neema miguu ili amshonee makubadhi. Usiku huo alilala fofofo, nami pia.

Jumapili tulirudi kwa ndia ile ile, kama wanavyosema wao. Katikati ya Mkanda maji yalituacha, boti ikalala kwenye tope, tukangoja yajae tena. Ningetarajia kukereka. Badala yake nilikunja suruali nikateremka na Kimani kutafuta kaa, miguu wazi, mtu wa Kinangop. Neema aliketi ukingoni na makubadhi yake mapya, akituelekeza wapi kaa amejificha, na nusu ya muda alikuwa akitudanganya. Bi Khadija alisinzia karibu naye bila kumshika. Nililiona hilo, nikaendelea kutafuta kaa.

Kwa hiyo nyinyi mnaotaka kuja kupanda boti na watoto wenu, na najua mtauliza, ushauri wangu ni huu. Msichague kwa picha ya mlangoni, wala kwa vitanda. Waelezeni wenye boti lile mnaloliogopa, kisha mtazame watamgeukia nani.

Jumanne tulikwenda kliniki, kama tufanyavyo kila anapoanguka. Daktari alifungua faili, akanitazama mimi kama wanavyofanya wote, akauliza alianguka lini, alikuwa wapi, aliamka vipi. Nikavuta pumzi nianze. Kisha nikajizuia, nikamwambia, “Muulize mwenyewe.”

Daktari akageuza kiti chake. Neema akaanza na harufu ya kuungua, akafika kwenye birika la chai, akafika kwenye mikoko. Alikuwa akieleza vizuri kuliko mimi. Nikaona sina kazi humo ndani, nikatoka nje kutafuta kahawa.